Makofi ya Wifi Felista

Binti yangu Anna amenitafutia daktari. Si daktari hivi hivi, ni bingwa wa magonjwa ya viungo, na hakumpata mara moja. Kwa wiki tatu alinipigia simu kila jioni kunieleza habari za madaktari kama mtu anayemtafutia mwanawe mchumba: huyu yuko Mbeya lakini foleni yake ni ya miezi, yule yuko Dar es Salaam na anasifiwa sana ila ni mkali, wa tatu anafika hapa Sumbawanga mara moja kwa mwezi na watu wanasema anakaa na mgonjwa mpaka mgonjwa aishiwe maneno. Nikamwambia, "Huyo huyo anayesikiliza." Basi akanichukulia miadi, Alhamisi ijayo saa mbili asubuhi, akanisomea mambo ya kuandaa, nami nikayaandika kwenye daftari kwa vidole hivi vilivyovimba. Vidole vinakaza kwa muda gani baada ya kuamka. Viungo gani vinavimba, na je, ni mkono mmoja au yote miwili. Dawa zote ninazomeza, hata za mitishamba, hata zile nilizopewa na jirani. Nani mwingine katika ukoo aliugua hivi. Siku hiyo nisichue mikono wala kuikanda kwa maji ya moto, daktari aione ilivyo. "Na mama, usijikaze," akamalizia. "Nakujua wewe. Ukiulizwa habari utasema nzuri." Nilicheka naye. Nilipokata simu nilikaa kwenye kochi nikalia mpaka chai ikapoa, kwa sababu aliyestahili kusomewa orodha ile tulimzika kijijini kwao Kate wiki tano zilizopita, na katika ujana wake aliandaliwa na mtu mwingine kwenda kwa daktari wake, na mtu huyo alikuwa mimi.

Jina lake Felista. Alikuwa mke wa kaka yangu Kizito, yaani wifi yangu, na Anna anayeniita mama ni mtoto wa tumbo lake. Hilo Anna analijua tangu utoto, hatukumficha, na kila likizo nilimpeleka Kate akamwone. Asilolijua ni jinsi mama yake alivyotoka nyumbani kwetu. Watu wazima wa wakati ule wamekwisha kufa mmoja mmoja na kila mmoja ameondoka na kipande chake cha habari, kwa hiyo nimebaki mimi peke yangu mwenye habari nzima. Nimekuwa mwalimu miaka mingi, nimewafundisha watoto wa watu kusema kweli hata kama inauma. Mimi mwenyewe nimekawia.

Mwaka ninaousema ulikuwa wa pili tangu tuhamishiwe kijiji kipya, mwendo wa saa moja kwa miguu kutoka Mwimbi. Nyumba zilipangwa kwa mistari kama madawati, na yetu ilikuwa na vyumba viwili vya tofali mbichi ambazo hatukuwahi kuzipiga lipu. Ukuta wa katikati haukufika juu kwenye nyasi za paa, kwa hiyo siri haikuwapo. Upande huu tulilala mimi na mama, upande ule kaka, Felista na mtoto, na mtu akikohoa huku anaitikiwa kule. Lakini hasa tuliishi jikoni, kwenye kibanda cha pembeni, kwa sababu ya baridi. Asiyeijua Ufipa hawezi kuamini. Mwezi wa sita na wa saba upepo unapita juu ya nyasi bila mti wa kuuzuia, unaingia chini ya mlango, na maji ya mtungini yanauma meno. Felista aliamka kabla yetu sote, maana alihitaji muda. Nilimkuta kila siku ameketi karibu na mafiga, mikono ameielekeza motoni, anangoja vidole vikubali kufunguka. "Wifi, hawa bado wamelala," alikuwa akisema juu ya vidole vyake, akicheka. "Njoo unifungie mtoto." Basi namweka Anna mgongoni pake, nazungusha kanga, nakaza fundo kifuani, maana fundo ni kazi ya vidole na vyake havikuweza. Mimi nafungua komeo la mlango, mimi nakamua nguo. Akipewa uji alikikumbatia kikombe kwa viganja vyote viwili, hakunywa mpaka umepoa. Kufika saa nane mchana, jua likishakolea, ungeona mtu mwingine kabisa: anapepeta ulezi, anateka maji, anaimba, ananitania kwamba nikiolewa mume wangu atalala nje kwa kuchoka kusahihishwa.

Alikuwa na haki ya kunitania. Nilikuwa na miaka kumi na sita, nimemaliza darasa la saba, sikuchaguliwa kuendelea, na ili kujifuta machozi nilijitolea kufundisha kisomo cha watu wazima katika ghala la kijiji. Nilitembea na chaki mfukoni. Kiherehere changu kilijulikana hadi vitongoji vya jirani. Wazee walionizidi miaka hamsini niliwaambia washike kalamu vizuri, na nilipoona kucha chafu nilitoa somo la usafi kama nilivyolisikia redioni. Niliamini kwamba mtu akiwa msafi, akinyoosha maneno, akajua kusema mbele ya wakubwa, hakuna mlango usiofunguka. Sikuwa mtoto mbaya. Nilikuwa nimekataliwa mahali fulani na sikutaka mtu wa nyumbani kwetu akataliwe tena.

Kwetu salamu haiishii mdomoni. Mwanamke akimkuta mkubwa hushuka, hukunja magoti, hukutanisha viganja na kupiga makofi ya taratibu huku akisalimu, na makofi ya mtu hujulikana kama sauti yake. Ya Felista yalikuwa laini na mazito, yametulia. Alipoletwa kutoka Kate, mama yangu alijisifu kisimani kwamba Kizito kaleta mtu anayejua kusalimu. Sasa katika miezi ile ya baridi Felista akawa anainamisha kichwa tu asubuhi, mikono ameificha ndani ya kanga, na magoti hayashuki. Mama hakuuliza. Mama yangu alikuwa mtu mwema kwa mambo mengi, lakini alikuwa na roho ya kuhesabu heshima. "Siku hizi mkamwana wangu ananisalimu kama karani," alimwambia jirani mmoja kwa sauti ya kutosha kusikika jikoni. Felista alisikia. Aliendelea kushikilia kikombe chake.

Shambani ilikuwa vibaya zaidi. Siku tatu kwa wiki tulikwenda shamba la ujamaa, na katibu wa kijiji aliita majina saa moja asubuhi, ukungu haujaondoka. Kazi ilikuwa ya jembe. Felista alifika, aliitikia jina lake, kisha akashika mpini kama mtu aliyeshika chungu cha moto. Wanawake wenzake walimaliza mistari mitatu yeye hajamaliza mmoja. Halafu mchana wale wale walimwona anateka maji anaimba. "Huyu asubuhi mgonjwa, jioni mzima," wakasema, na neno likashika. Miaka ile kulikuwa na jina baya kuliko mwizi, nalo ni kupe, anyonyaye jasho la wengine. Katibu alimwita Kizito pembeni akamwambia kwamba mkewe alete karatasi ya daktari, la sivyo kikao kijacho atasomwa mbele ya watu kuwa mtoro.

Jioni ile, baada ya ugali wa ulezi na samaki wakavu wa migebuka, kaka na mama walibaki chumba cha pili wakizungumza. Mimi na Felista tulikuwa upande huu, yeye ananyonyesha, mimi najifanya kusoma.

"Kuna mtu kule bondeni," mama akasema. "Amewatibu wengi. Huu si ugonjwa wa Mungu, ugonjwa unaokuja asubuhi na kuondoka mchana. Amechezewa."

"Mganga wa zahanati anasema ni baridi yabisi," kaka akajibu. "Amempa aspirini."

"Anampa kila mtu aspirini."

"Tutampeleka wapi sasa?"

"Kama si bondeni, mpeleke kwao Kate. Akisomwa mtoro kikaoni, unataka nipite wapi mimi? Mtoto atabaki, ni wetu. Yeye apumzike kwao."

Kaka yangu alikuwa mtu wa kunyamaza, na nilingoja aseme kitu, nikangoja sana. Felista alimbadilisha Anna kutoka ziwa moja kwenda jingine. Hakunitazama. Ndipo nilipoinuka nikaingia upande wa pili bila kuitwa, jambo ambalo binti hafanyi, nikasema kwamba kwenye zahanati nimesoma tangazo: bingwa wa mifupa na viungo anatoka mbali, atakuwa hospitali mjini Sumbawanga siku mbili, mwezi wa nane. Mganga wa zahanati atatuandikia barua. Karatasi ya bingwa haina mtu wa kuibishia, si katibu, si nani. Dawa nazo atatoa. Mama akauliza, "Na nani atasema naye? Kiswahili cha huyu ni cha sokoni."

"Mimi," nikasema.

Niliporudi, Felista alikuwa anatabasamu gizani. Alisema kwa Kifipa, polepole, "Wifi, ukinirudisha na karatasi hiyo, nitakupikia mpaka uchoke."

Tulikuwa na wiki tatu za kujiandaa, na nilizitumia kama mwalimu anayengoja mkaguzi. Leo Anna ameniambia nimwandikie daktari yanayouma. Mimi wakati ule nilimwandalia Felista yanayopendeza. Nilikifua kitenge chake cha harusi. Nilimsuka nywele. Nilimfundisha maneno ya Kiswahili: shikamoo daktari, sijambo, ahsante. Nikamfundisha kusimama bila kuegemea mlango. Zaidi ya yote tulifanya mazoezi ya salamu. Nilikuwa na wazo langu, na lazima niliseme lilivyokuwa: mama alikasirika kwa sababu Felista hasalimu; katibu alikasirika kwa sababu anaonekana hana heshima na kazi; basi mtu mkubwa kama yule daktari, akisalimiwa kwa adabu, atamwona ni mtu wa maana na atampa anachotaka. Kila mchana, vidole vikiwa vimeamka, tulisimama jikoni mimi nikiwa daktari. Anashuka, anakunja magoti, anapiga. "Tena," namwambia. "Hayajasikika." Anapiga tena, midomo ameibana. "Wifi, daktari huyu ni mgonjwa wa masikio?" akaniuliza, tukacheka wote wawili mpaka Anna akaamka.

Lori la nafaka lilitufikisha mjini jioni, tumejaa vumbi. Kaka alikuwa ametuagizia kwa Mama Zuhura, mke wa mwenye duka aliyenunua ulezi wetu, familia ya Kiislamu iliyokaa mtaa wa nyuma ya soko. Hatukuwahi kulala nyumba yenye saruji chini. Alitupa chumba cha uani chenye kitanda cha kamba, akatuletea wali kwa maharage ya nazi na chai ya tangawizi, akamchukua Anna akambeba mwenyewe ili tule. Aliona jinsi Felista alivyoshindwa kufinya tonge la wali uliokuwa umepoa. Alikwenda akarudi na kijiko. Asubuhi yake nilimwomba beseni la maji ya moto na mafuta. Akaniletea chupa ya mafuta ya nazi, akasimama mlangoni akinitazama ninavyomkanda Felista kidole kimoja kimoja.

"Unafanya nini, mwanangu?"

"Namwandaa. Anakwenda kwa bingwa."

"Mgonjwa hapambwi," akasema. "Mficha maradhi, kifo humuumbua. Mwache aende na mikono yake ilivyo."

Nilimjibu, kwa adabu, kwamba sisi kwetu hatuendi mbele ya mkubwa hivi hivi. Mama Zuhura akatikisa kichwa. Lakini alikuwa mwenyeji na sisi wageni, na mgeni hagombezwi, kwa hiyo akanijazia pia chupa ya chai maji ya moto niende nayo. Nimeyakumbuka maneno yale ya mlangoni mara nyingi kuliko sala.

Tulifika hospitali saa moja na kukuta benchi limejaa. Asubuhi ile Felista alikuwa katika hali yake mbaya kabisa, baridi ilikuwa imemshika njia nzima, na kama tungeingia saa ile pengine nisingekuwa na la kuandika leo. Lakini kila alipoingia mzee mwenye fimbo au bibi aliyeshikiliwa, Felista alinigusa nimpishe, nami nikampisha, tukarudi mwisho wa benchi. Jua likapanda. Nilikuwa nikilowesha kitambaa kwa maji ya chupa, nafunika vidole vyake, nabadilisha. Jirani yetu kwenye benchi, mzee mmoja mwenye goti kubwa, alituambia kwamba tangu asubuhi wanaolia sana wamedhaniwa wamefuata karatasi za kukwepa shamba. Sijui kama ilikuwa kweli. Benchi la hospitali lina maneno mengi. Ila mimi yaliniingia, na nikamnong'oneza Felista, "Usilie. Tusionekane kama wavivu." Akaitikia kwa kichwa. Tulipoitwa ilikuwa imepita saa nane. Mbele ya mlango nilimtua Anna mgongoni kwangu nikamfunga mgongoni kwa mama yake, nikakaza fundo vizuri, nikamnyooshea kitenge. Nilitaka daktari aone mama.

Alikuwa mtu mzima mwenye miwani, sauti yake ya upole, na meza yake ilikuwa na karatasi nyingi. Felista aliingia, akashuka mpaka chini na mtoto mgongoni, magoti yote mawili, akakutanisha viganja akapiga. Makofi yalisikika chumba kizima. Hayakuwa yale ya jikoni. Yalikuwa yale ya zamani, ya siku alipoletwa kutoka Kate. "Shikamoo daktari," akasema, bila kukosea. Daktari aliacha kuandika. Uso wake ulifunguka.

"Marahaba, marahaba mama. Haya ndiyo makofi. Hujambo?"

"Sijambo."

"Mikono inasumbua?"

Felista akanigeukia, akasema kwa Kifipa, haraka, kama mtu aliyekuwa akingoja kwa muda mrefu: "Mwambie asubuhi siwezi kumshika mwanangu. Mwambie naogopa kumwangusha. Mwambie usiku vinawaka moto."

Nilimtazama daktari. Nilikumbuka mzee wa benchi, nikakumbuka neno kupe, nikaona maneno yale ni ya kilio, ya mtu wa kuomba. Nikasema kwa Kiswahili changu safi cha redioni, "Anasema asubuhi anapata shida kidogo, lakini akishachangamka anafanya kazi zake zote."

Kidogo. Nimeandika neno hili ubaoni mara elfu kwa watoto wa darasa la kwanza na kila mara mkono wangu umesita. Daktari alimwinua, akamkalisha, akabonyeza vidole laini vilivyong'aa mafuta, akavikunja, vikakunjika. Aliuliza maswali mazuri, ninayajua sasa kwa kuwa ndiyo haya haya aliyonisomea Anna: muda gani asubuhi, mikono yote miwili, uchovu, homa. Kila jibu lilipitia kwangu, nami nililipunguza. Mwishoni akatabasamu. "Uvimbe upo kidogo. Lakini mikono inayopiga makofi namna ile haijafika pabaya." Akaandika vidonge, akasema ajikinge na baridi, arudi akiona inazidi, akatupa karatasi. Nikaisoma pale pale mlangoni, maana nilikuwa najua kusoma. Iliandikwa kwamba ana dalili za mwanzo za baridi yabisi na anaweza kufanya kazi za kawaida.

Felista aliniuliza imesema nini. Nikamwambia, "Imesema utapona." Huo ulikuwa uongo wa pili siku hiyo.

Katika kikao, katibu alinipa karatasi niisome kwa sauti, kwa kuwa mimi ndiye mwalimu. Niliisoma. Nilitafuta namna ya kuruka mstari, lakini katibu alikuwa amesimama begani kwangu na yeye pia anajua kusoma. Watu hawakuzomea. Mwanamke mmoja tu nyuma akacheka puani. Toka siku hiyo Felista hakuwa na mahali pa kujificha: karatasi aliyoifuata mwenyewe ilimwambia alime. Akalima. Alilima mvua za kwanza, akapanda, akapalilia, na mvua zilipokaribia kwisha ikaja kazi ya matuta, yale ya mviringo ya kwetu, ya kukata udongo pamoja na nyasi zake na kugeuza nyasi ndani zioze, kazi inayovunja hata mikono mizima. Nilimsaidia nilipoweza. Nilimaliza mstari wangu nikaingia wake, mpaka katibu akanifukuza. Alipotaka kurudi kwa daktari, aliambiwa bingwa haji tena mwaka ule. Kufika Pasaka vidole vya mkono wa kulia vilikuwa vimeanza kulala upande mmoja, kama nyasi zilizopigwa na upepo, na hata mchana havikuamka tena. Siku moja jikoni chungu cha maharage kilimponyoka mbele ya mama, maharage yakasambaa majivuni, na mama akamtazama Kizito.

Kaka alimpeleka Kate baada ya matuta, apumzike. Sote tulitumia neno hilo. Anna alikuwa ameshaacha ziwa, na mtoto kwetu ni wa ukoo wa baba, kwa hiyo hakuna aliyeuliza atabaki na nani. Mama alisema tu, "Skola atamlea," yaani mimi. Asubuhi ya kuondoka Felista alisimama uani na kitenge kile cha harusi. Anna alikuwa mgongoni kwangu. Mama yake alitaka kumshika shavu lakini vidole havikunyooka, basi akamgusa kwa nyuma ya mkono, akamgusa tena, akageuka akaondoka na kaka yangu bila kutazama nyuma. Nilikuwa nimempata mtoto, na ninamshukuru Mungu kwa mtoto huyo kila siku ya maisha yangu, na kila siku ninajua nilivyompata. Mambo hayo mawili hayajawahi kupatana ndani yangu. Kizito alioa tena, hakwenda kumchukua.

Miezi miwili iliyopita Anna alinichukua kwa gari kwenda Kate, kwa kuwa walituambia hali si nzuri. Tulimkuta kwenye kiti nje ya nyumba ya mtoto wa kaka yake, juani, amefunikwa blanketi. Aliponiona alitaka kunisalimu. Alitoa mikono yake chini ya blanketi, ile mikono, akaigonganisha kifundo kwa kifundo. Haikutoa sauti yoyote. Anna alikuwa ameingia ndani kututengenezea chai, nami nikaona kwamba sitapata siku nyingine.

"Wifi," nikamwambia kwa Kifipa, "nisamehe. Siku ile kwa daktari. Hukusema kidogo, ni mimi niliyesema."

Akacheka kile kicheko chake cha jikoni. "Nilisikia. Kidogo nilikuwa nakijua, mwalimu. Hakuna asiyejua kidogo."

"Mbona hukusema?"

"Ulikuwa umejiandaa sana," akasema. Akatazama mikono yake mapajani. "Lakini yale makofi niliyapiga vizuri. Sivyo?"

"Vizuri sana, wifi."

"Yaliniuma mpaka kwenye meno."

Anna alikuwa amesimama mlangoni na vikombe. "Makofi gani?" akauliza. Hatukumjibu, si mimi wala yeye. Felista akaomba chai yake, Anna akampa, na mama yake akakikumbatia kikombe kwa viganja viwili vilivyojikunja, akakaa nacho bila kunywa. Alikufa kabla ya mwezi kwisha. Walipotuita wanawake wa kumwosha, waliniletea chupa ya mafuta nimpake mikono, kwa kuwa mimi ndiye wifi. Nilishindwa. Nilimpa mwingine chupa nikatoka nje.

Tangu mazishi Anna ameniuliza mara mbili tena, makofi gani, mama. Alhamisi atanichukua saa moja asubuhi. Mikono yangu itakuwa imekaza, sitaikanda, na nikiulizwa nitasema inauma sana, na kwenye mstari wa ukoo nitamtaja mtu ambaye si wa damu yangu ila ni wa damu ya Anna, ili naye achunguzwe vidole. Kabla hatujaingia nitampa karatasi hizi azisome garini. Baada ya kuzisoma ataamua mwenyewe ataniita nani. Anna, uliuliza makofi gani. Ulikuwepo yalipopigwa, ulikuwa umelala mgongoni mwake, na fundo la kanga lililokushikilia pale nililifunga mimi.